Mto wa Mti wa Ayeeyo Shamsa

Bishar alinipigia simu Jumatatu asubuhi nikiwa jikoni kwangu Mombasa, nachambua mchicha. Hakuanza na msururu wa salamu kama kawaida yake, na mtu wa Garissa akikukatia salamu ujue pana jambo. "Eddo," akasema, maana ananiita eddo, yaani shangazi, tangu alipojua kutamka, "Nasteho amejifungua mtoto wa kike. Ijumaa tunampa jina. Nataka uje." Nikamwambia hongera, alhamdulillahi, kisha nikaanza kumtolea visababu vyangu, magoti haya, joto lile. Akaningoja nimalize. "Uje umsikilize," akasema. "Daktari amempima, anasema ni mzima. Nasteho ananiambia nimerukwa na akili, kutwa nimeinamia kitanda nimetega sikio. Lakini mimi nataka masikio yako, eddo. Wewe ndiye unayeijua ile sauti." Yeye mwenyewe ana sauti nzito ya mwanamume wa miaka thelathini na kitu, mwenye duka na ndevu, lakini siku hiyo aliniomba kama mtoto. Niliuacha mchicha ulivyo nikaenda chumbani kutoa begi.

Kitu cha kwanza nilichotia begini hakikuwa nguo. Kilikuwa kipande cha mti, urefu wake shibiri moja, chini kina miguu miwili iliyotanuka, juu kimechongwa mkunjo mdogo wa kupokea shingo. Wasomali wa malishoni wanauita barshi. Mchungaji hujinyoosha chini, akautia nyuma ya shingo, akalala fofofo juu ya kitu ambacho mimi kingenivunja mgongo. Huu wangu umekuwa mweusi kwa samli na jasho la watu waliokwisha kufa, na umekaa juu ya kabati langu karibu miaka thelathini. Wageni huuliza kama ni kigoda cha mtoto. Huwaambia ni cheti changu. Chuo cha uuguzi kilinifundisha mengi, sikatai, lakini mti huu ndio ulionifunga mdomo, na kunifunga mimi mdomo si kazi ndogo.

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, muuguzi mbichi kabisa, nilipopangiwa hospitali ya Garissa. Habari za kwetu na vilio vya kuagana niviache, watu walilia utadhani nimehukumiwa. Kazini nilipewa wodi ya watoto, na pa kulala nikajitafutia mwenyewe: chumba katika ua wa mjane aliyeitwa Shamsa, ambaye mtaa mzima, hata wazee waliomzidi umri, walimwita Ayeeyo, yaani bibi. Ua wenyewe ulikuwa na vyumba vitatu vya chokaa kwa mstari, mwarobaini mmoja, mapipa mawili ya maji, na kibanda cha kupikia. Kuta baina ya vyumba hazikufika juu, hivyo mtu akipiga chafya chumba cha kwanza, wa chumba cha tatu alimwombea rehema. Asubuhi yangu ya kwanza niliamshwa na mlio uliokoroma, ukapumzika, ukakoroma tena. Nikadhani ni mashine ya kuvutia maji ya mashamba ya kando ya Mto Tana, mtu kaileta uani kuitengeneza. Nikatoka, nikamkuta Ayeeyo anamimina rojo la anjera, mithili ya chapati za maji, kwenye bamba la moto, nikamuuliza mashine ile ni ya nani. Alicheka mpaka akashika nguzo. "Hiyo si mashine," akasema. "Hiyo Jenereta. Njoo salimia yeye." Akanipeleka chumbani kwake. Juu ya mkeka palikuwa na mtoto wa mwaka mmoja na miezi minne, macho makubwa, mbavu za kuhesabika, kichwa kimerudishwa nyuma kabisa juu ya kipande cha mti, anapumua kwa kelele ile ile na kunichekea mimi mgeni. Jina lake Bishar, mwana wa mwanawe Ayeeyo. Lakini kule jina la utani halina haya wala halifichwi. Mwenye duka jirani yetu aliitwa Jicho Moja, na wa kwanza kumwita hivyo alikuwa mamake mzazi. Mtoto anayenguruma angeitwa nini tena.

Niseme mapema kwamba Ayeeyo, kama wengi wa kule, p yake ilikuwa b na v yake ilikuwa f, na ngeli alizipanga anavyotaka. Namwandika alivyosema, kwa kuwa nikimsahihisha nitakuwa nimemwandika mtu mwingine. Alikuwa mrefu, mkavu, viganja vyekundu kwa hina, na alinilisha kama mtu aliyekabidhiwa mifugo iliyokonda. Asubuhi anjera ya moto iliyolowa samli na sukari, mchana wali na mbuzi, jioni chai ya maziwa ya ngamia yenye harufu ya moshi wa kibuyu, ambayo wiki ya kwanza niliimwaga kisirisiri chini ya mwarobaini na wiki ya tatu nilikuwa naiomba. Kwenye rafu ya chumba chake palikaa kopo la nyirinyiri, nyama iliyokaangwa vipande vidogo ikahifadhiwa ndani ya samli, na kopo hilo hakumfungulia kila mtu. Tulikaa kwenye mkeka, mtoto katikati yetu ananguruma, sisi tunapaza sauti kidogo ili tusikizane. Aliniambia kwamba baba yake Bishar, Hassan, yuko malishoni Ijara na ng'ombe pamoja na mkewe, na mtoto aliletwa mjini kwa sababu ya hosbitali. Hospitalini nikalitafuta faili lake. Lilikuwa nene. Kila ukurasa uliandikwa pumu, au kifua, na dawa zile zile. Nami nikaongeza ukurasa wangu kwa hati nzuri. Nikamuuliza Ayeeyo mtoto anakula vipi, akasema, "Anashiba sana, mashallah," nikaandika: anakula vizuri.

Sasa niwaeleze ujuaji wangu. Chuoni tulifundishwa mtoto alazwe mahali laini, shingo isikunjwe nyuma, na mimi kila nilipouona ule mti chini ya kichwa cha Bishar damu ilinichemka. Niliuona ni ushamba mtupu. Nikamwambia Ayeeyo kwa adabu, mara ya pili bila adabu nyingi, mara ya tatu nikauficha nyuma ya mapipa. Aliutafuta, akauosha, akaurudisha pale pale. Nikamnunulia mtoto mto wa pamba wenye maua. Ayeeyo akanishukuru, akaukalia yeye. Ugomvi huo ulituchukua miezi miwili na majirani waliufuatilia kama mpira. Kisha siku moja adhuhuri Ayeeyo akaenda sokoni, akaniachia mtoto, nami nikaona hii ndiyo nafasi yangu. Nikautoa mti. Nikamlaza Bishar juu ya mto wangu wa maua, kichwa kimeinuka vizuri, kidevu kimegusa kifua, kama picha ya kitabuni. Mlio ukapanda. Nikajiambia ni ugeni, atauzoea. Ukapanda tena, ukawa mwembamba, halafu midomo yake ikaanza kugeuka rangi ya zambarau. Nikamsugua mgongo, nikambeba, nikamwinamisha mbele zaidi, ndiyo kusema nilikuwa namziba kwa mikono yangu mwenyewe. Niliogopa mpaka nikasahau jina lake. Ayeeyo aliingia na kikapu kichwani. Aliweka kikapu, akaupiga mto wangu teke ukaenda mlangoni, akamlaza mtoto, akatia mti nyuma ya shingo. Kichwa kikaanguka nyuma. Pumzi ikaingia, kwa kelele zake zote, na rangi ikarudi kuanzia mashavuni. Mimi nilikuwa nalia. Ayeeyo akasema, "Wewe umesoma, gabar. Hii mtoto hajasoma. Lakini yeye ndio anajua file anabumua. Wewe nyamaza, sikiza yeye." Gabar ni msichana. Nimeitwa majina mengi na wakubwa wa kazi tangu siku ile, na hakuna lililonifaa kuliko hilo.

Asubuhi nikamweleza Daktari Mutua, bila kujificha. Mutua alikuwa Mkamba mpole, mtu wa kuvaa soksi nzito katika joto lile, na ndiye daktari pekee wa wodi yetu, watoto sitini na yeye. Alikuwa anaandika huku ananisikiliza nusu. Nilipofika kwenye shingo akaweka kalamu chini. "Sista, hebu rudia hapo." Nikarudia: kichwa kikienda mbele anazibika, kikirudi nyuma anafunguka. "Pumu haijali shingo imekaaje," akasema polepole, kama anaongea na ukuta. "Na chakula?" Nikamwonyesha ukurasa wangu, anakula vizuri. "Anakula nini?" Miezi miwili nilikaa na mtoto yule mkeka mmoja, na mkononi mwake sikuwahi kuona kitu isipokuwa kikombe cha maziwa. Wala sikuona ajabu, maana kila mtu pale alikuwa na kikombe. Tukamwita Ayeeyo. "Mtoto yangu anakunywa maziwa ya ngamia," akasema, na alisema kwa fahari ya haki. "Mimi nimelea saba na maziwa. Mtu na meno mawili, nyama ya nini?" Mutua akachovya kipande cha mandazi kwenye chai yake, akampa Bishar. Mtoto akakipokea kwa furaha, akakitafuna, akameza. Kikanasa. Macho yakamtoka, mlio ukawa filimbi, na Ayeeyo akamgeuza kifudifudi juu ya goti lake mpaka kikatoka. Tukatazamana watu wazima watatu. Malishoni mtoto akinywa maziwa akashiba, hakuna anayehangaika kumpa kingine, na maziwa ni laini, yanapita hata palipo na tundu la sindano. Yale maziwa mazuri ndiyo yaliyotuficha ugonjwa. Na mimi niliyetumwa kuuliza, sikuuliza.

Mutua akachora nyuma ya faili. Mshipa mkuu wa damu ukitoka moyoni, akasema, hupanda, ukapinda mara moja, ukapita upande mmoja wa koo la hewa, ukashuka. Lakini wapo watoto, wachache sana, ambao huzaliwa mshipa huo umegawanyika pale unapopinda. Tawi moja hupita kulia, jingine kushoto, yakakutana nyuma, na katikati ya pete hiyo pana koo la hewa na koo la chakula, vyote viwili vimebanwa. Mtoto akikua, pete haimwachii nafasi. Akiinua kidevu na kurudisha kichwa nyuma, koo la hewa linavutika na kupata upenyo kidogo. "Mimi nimesoma habari zake tu," akasema. "Sijawahi kuona." Tukampiga picha ya eksirei huku anakunywa dawa nyeupe, na kwenye picha ule mstari mweupe wa dawa ulikuwa umebonyea kushoto na umebonyea kulia, kama alivyochora. Mutua aliishikilia picha hiyo dirishani muda mrefu. Nairobi kuna wanaoweza kumpasua, akasema, tawi dogo likatwe, pete ifunguke. Na asicheleweshwe, kwa sababu homa moja tu ya kifua ingetosha kumwondoa.

Ayeeyo alikataa. Hakukataa kwa ujinga, na hilo napenda lijulikane. Aliuliza swali moja: "Mukikata mshiba ya moyo, damu itabita wabi?" Nikamwambia daktari anajua. Akasema daktari ni mzuri, lakini daktari wa kabla yake pia alijua, akaandika bumu. Basi. Akampakata mtoto wake tukarudi nyumbani, na siku tatu tulikula kila mtu na sahani yake.

Siku ya nne akachinjwa mbuzi wa sadaka kwa ajili ya mtoto. Jirani alichinja, na Ayeeyo akakaa kushughulikia ya ndani, kazi ambayo hakumwachia mtu. Nilimwona anatoa koo, mapafu na moyo vikiwa vimeshikana, anavitupa kwenye sinia, na sijui nini kilinipata, nikachuchumaa mbele yake. "Ayeeyo, nionyeshe koo la hewa." Akanionyesha, lile gumu lenye pete pete. "La chakula?" Hili laini, nyuma yake. "Na mshipa mkuu?" Vidole vyake vikauvuta bila hata kutazama, mweupe, mnene kama kidole gumba, umetoka moyoni ukapinda upande mmoja. Alikuwa amewashika mbuzi wengi maisha yake, na wote walikuwa na mmoja. Nikamwambia apulize. Akaweka kinywa kwenye koo la hewa akapuliza, na mapafu yakajaa, mekundu, yakapanda sinia nzima, watoto wa mtaa wakashangilia. Nikachana ukingo wa leso yangu. Nikaupitisha utambaa ule upande wa pili, ambako mbuzi hana mshipa, nikauunganisha na mshipa wake nyuma ya koo, nikakaza. "Sasa puliza tena." Akapuliza. Na kutoka kwenye sinia ile ikatoka sauti ya Bishar. Ile ile, ya kukoroma na kukwama. Ayeeyo akainua uso, damu ya mbuzi mdomoni, akageuka kutazama mlango wa chumba chake, ambako mjukuu wake alikuwa analia kwa sauti hiyo hiyo. Akapuliza mara ya tatu, kwa nguvu, kisha yeye mwenyewe akashika utambaa wangu akaufungua, na mapafu yakajaa kimya. Aliugusa mshipa wa mbuzi uliobaki. "Moja inatosha," akasema. "Mbuzi anatembea na moja." Alijijibu swali lake mwenyewe. Mimi nilikuwa nimeketi chini kwenye vumbi, leso imechanika, natamani kumkumbatia na sijui kama inaruhusiwa.

Lakini mtoto ana baba, na pasipo neno la Hassan hakuna safari. Simu za mkononi hazikuwako. Garissa kulikuwa na ofisi ya redio nyuma ya duka la vitambaa: chumba kimoja, kiti kimoja, fundi mmoja mwenye vifaa vya kusikilizia masikioni. Unapeleka ujumbe leo, mtu wako anaitwa, kesho saa tisa anakaa mbele ya redio ya kwao, mnazungumza. Ila mawimbi ni ya wote. Mwenye redio Wajir anasikia, wa kambi ya wakimbizi ya Dagahaley anasikia, na hakuna anayejifanya hasikii. Tulipoingia siku hiyo chumba kilikuwa kimejaa watu ambao hawakuwa na la kufanya pale. Ayeeyo alizungumza Kisomali, na fundi alininong'oneza maana, nikagundua kwamba katika lugha yake mwanamke huyu hakuwa wa kutafuta maneno. "Hassan, mwanangu," akasema, "nimechinja mbuzi. Mapafu yake nimeyashika kwa mikono hii, nimeyapuliza kwa kinywa hiki, hewa ikapita. Msichana wa pwani akafunga kitambaa, nikapuliza tena, na mwanao akalia ndani ya mbuzi. Nikafungua kitambaa, akanyamaza. Sikuambii alichosema daktari. Nakuambia nilichosikia mimi." Akaachia kitufe. Redio ikavuma. Hassan akasema, kwa sauti ndogo, kwamba watu wamemwambia kifua cha mtoto kikifunguliwa hakifungiki. Kabla Ayeeyo hajajibu ikaingia sauti nyingine kabisa, ya mzee fulani kutoka kaskazini ya mbali. "Mimi niko Bute," ikasema. "Ewe wa Ijara, mjibu mamako, maana na sisi tunangoja kusikia." Chumba kizima kikacheka, na tukamsikia Hassan naye anacheka huko aliko, kicheko kilichoanza vibaya kikaisha kwa kilio. "Mpeleke, mama," akasema. "Na huyo msichana wa pwani asikuache peke yako." Mzee wa Bute akaanza dua pale pale hewani, na watu ambao hatukuwaona wakaitikia amin, mmoja baada ya mwingine, redio hadi redio. Sijawahi kusali katika msikiti mkubwa kama ule.

Nairobi niifupishe. Mpasuaji alikuwa mwanamke mfupi mwenye mikono midogo ambaye Ayeeyo aliikagua mikono hiyo mbele na nyuma kabla ya kumkabidhi mtoto. Tulikaa kwenye benchi la korido kuanzia asubuhi, Ayeeyo na tasbihi yake, mti umelala mapajani kama mtoto mwingine. Alasiri mpasuaji akatoka, kofia mkononi, akasema wamelikata tawi dogo, damu inapita kwenye lile kubwa, pete imefunguka. Ayeeyo akauliza, "Na yeye anabumua?" Akaambiwa anapumua. Akainamisha kichwa mpaka paji likagusa ule mti. Kisha mpasuaji akaniambia jambo la pili: sauti haitaisha leo. Koo la hewa lililobanwa tangu tumboni limelegea, litachukua miezi kukakamaa, labda mwaka. Nikamfasiria Ayeeyo neno kwa neno, naye akasema hata mguu uliofungwa kamba haukimbii siku ya kufunguliwa.

Mtaa haukuwa na subira hiyo. Tulishuka na mtoto anayenguruma vile vile, na Jicho Moja akatangaza dukani kwake kwamba Jenereta imetoka kutengenezwa Nairobi na bado inawaka. Watu walicheka, na mimi nilicheka nao, kisha nikaingia chumbani kwangu nikakaa kitandani nikisikiliza ukutani. Miezi mitano nilisikiliza. Siku nyingine nilisadiki mlio umepungua, siku nyingine niliapa umezidi. Ayeeyo hakusikiliza kabisa. Alimlisha. Uji, kisha ndizi iliyopondwa, kisha wali, na kila tonge lililoshuka alinitazama mimi badala ya mtoto. Mti ulikuwa bado chini ya shingo yake, na sikuthubutu kuusemea neno.

Kisha ikawa siku moja ya joto kali nimetoka zamu ya asubuhi. Saa nane, mtaa umelala, mbuzi wamejikunyata vivulini. Nilisukuma lango la ua nikasimama, sikujua kwa nini. Kitu kilikosekana. Nikasikia jani la mwarobaini likianguka, nikasikia tone la maji kwenye pipa. Ule mlio haukuwako. Tangu nifike sikuwahi kuingia ua ule bila mlio, na katika kichwa changu, kichwa cha muuguzi, mtoto aliyenyamaza ghafla ana maana moja tu. Kikapu kilinidondoka. Nilikimbia na viatu mpaka juu ya mkeka, dhambi kubwa katika nyumba ile. Ayeeyo alikuwa amelala chali, mdomo wazi, mti uko chini ya shingo yake yeye, amezama usingizini. Na kando yake amekaa Bishar, wima, kidevu kimeinama kifuani, kopo la nyirinyiri lipo baina ya miguu yake, samli imemfika mpaka nyusi. Alikuwa anatafuna. Alitafuna kwa bidii ya fundi, akameza, kikashuka, akapeleka mkono ndani ya kopo kuchukua kingine. Akaniona. Akaninyooshea kipande. Nikapiga magoti nikasogeza sikio kifuani kwake, na nikasikia moyo, na pumzi ikiingia na kutoka, hakuna kingine. Nilianza kucheka, nikashindwa kuacha, na Ayeeyo akaamka, akaniona na viatu mkekani, akafumbua kinywa kunigombeza. Halafu naye akasikia kimya kile. "Nyirinyiri yangu," akasema mwishowe, na machozi yakimshuka, "amemaliza yote."

Desemba nikahamishwa. Asubuhi ya kuondoka Ayeeyo alinikabidhi mti, umefungwa ndani ya leso yangu iliyochanika. Akasema Bishar hautaki tena, anapenda ule mto wa maua. Nami nilimwona siku kadhaa akiulalia mto huo, kifudifudi, shingo imekunjwa vibaya kabisa, anapumua bila habari. Ayeeyo alifariki miaka mingi baadaye, akiwa mkongwe. Hassan alinitafuta kunipa habari, akaniambia dakika za mwisho aliwaomba watu wote chumbani wanyamaze. Walinyamaza. Akamwangalia Bishar aliyekuwa amelala pembeni, akasikiliza, akatabasamu.

Bishar alinipokea Alhamisi jioni mbele ya duka lake la vipuri vya magari. Ubao wa juu umeandikwa JENERETA kwa rangi nyekundu, na kila wiki, ananiambia, hufika mtu mmoja au wawili wenye mashine iliyoharibika wakitaka awatengenezee. Nyumbani kwake wanawake walikuwa wamejaa, sufuria zinachemka uani, watoto wanapita baina ya miguu, kelele za furaha hata husikii unachowaza. Nasteho, mkewe, alikuwa kitandani amejipamba hina, akanisalimu kwa heshima kisha akanikonyeza kuelekea mumewe, kama kusema, mtazame. Nikamtazama. Mwanamume mzima amesimama mlangoni, mikono haijui pa kukaa. Mtoto alikuwa amefungwa kitambaa cheupe, jina lake la kesho kila mtu alilijua, Shamsa. Nikavua viatu. Nikauweka mti wangu juu ya kitanda, nikaketi, nikainama, sikio langu kwenye kifua kidogo kile. Chumba kikanyamaza polepole, mpaka sufuria uani zikanyamaza, sijui nani aliwaambia. Nikamgeuza shingo mbele, kidevu kikagusa kifua. Nikasikiliza. Nikamrudisha nyuma, nikasikiliza. Nikampa Nasteho amnyonyeshe, nikasikiliza anavyomeza, nikasikiliza mpaka shingo yangu mimi ikaniuma, kwa kuwa nilipewa adabu ya kusikiliza katika mji ule ule na sikutaka kumwaibisha mwalimu wangu.

Nilipoinua kichwa Bishar alikuwa ananitazama kama Ayeeyo alivyonitazama kila tonge liliposhuka. Nikamwambia, "Sisikii kitu, mwanangu." Akateremka pale mlangoni akakaa chini kwenye sakafu, na Nasteho akaanza kucheka huku anajifuta macho, na wanawake wakapiga vigelegele mpaka mtoto akaamka akalia, kilio kikubwa, safi, cha koo lililo wazi. Baadaye, watu walipotulia na sinia za wali zikaingia, Bishar aliuchukua ule mti akaugeuza geuza mikononi. Akaniuliza kama nimeuleta kumwachia binti yake. Nikamwambia hapana, nimeuleta endapo ungehitajika. Nikautia begini mwangu, nikanawa mikono, nikaomba nyirinyiri.